Ratiba ya Siku Nne za Busan

Sijapata kufika Busan. Hata hivyo, ukiniuliza usimame wapi ili uuone vizuri ule mlima wa nyumba za rangi, nitakwambia. Nitakwambia basi dogo la kupanda, saa ambayo watalii bado hawajajaa, na ngazi za kuziepuka ikiwa magoti yako yana miaka sitini na saba. Najua soko la samaki ambako wauzaji karibu wote ni wanawake, wamevaa mabuti ya mpira na kofia za jua, na najua kwamba ukisimama mbele ya beseni la mmoja wao zaidi ya dakika moja, umeshajitia kwenye biashara. Nayajua haya kwa sababu niliyapanga mimi, nikiwa Muscat, kwa ajili ya safari ya mama yangu.

Nayajua pia kwa sababu niliyatumia kumdanganya. Katika siku alizokuwa Busan, baba yangu alikuwa amelazwa hospitali huku Muscat, na mama hakuwa na habari. Kitu alichokuwa akikitaka mama kutoka nyumbani kilikuwa kimoja tu: asikie sauti ya baba ikimwambia kwamba hana kinyongo naye. Simu nilikuwa nimeishika mimi.

Mama aliingia kwenye tamthilia za Kikorea mwaka ule wa korona tuliofungiwa majumbani. Alianza kuziangalia na wajukuu, maandishi ya Kiarabu yakipita chini, kisha wajukuu wakachoka na yeye akabaki. Alikuwa akizungumza na wale watu wa kwenye televisheni. "Usimfungulie mlango huyo, muongo huyo," alikuwa akisema, huku anachambua mchele. Katika tamthilia moja palikuwa na mwanamke mjane aliyekaa kwenye nyumba ya buluu juu ya mlima, na chini yake bandari nzima imetandazwa. Siku moja mama akaniambia, "Nnataka kwenda pale." Alisema kama anavyosema kwamba anataka kwenda madukani Ruwi kutafuta kitambaa.

Mdogo wangu wa kike, ambaye hajaolewa na ana likizo nyingi kuliko akili, akadakia kwamba atampeleka yeye. Ikabaki kupanga, na kupanga ni kwangu. Ndiyo kazi inayoniweka mjini: nimekaa miaka katika idara inayopokea wageni, nikipanga safari za wakubwa saa kwa saa, gari lifike lini, chai inywewe wapi, nani asikutane na nani mlangoni. Nyumbani wananiita mkuu wa mkoa, na hawanisifu. Nikampangia mama siku nne, Jumatatu mpaka Alkhamisi, karatasi moja, maandishi makubwa, nikaitia plastiki ili isiloe. Siku ya kwanza ufukwe na kupumzika. Siku ya pili hekalu lililo juu ya miamba ya bahari, la kuangaliwa kwa nje tu, kisha msikitini kusali. Siku ya tatu vile vyumba vidogo vya reli vinavyotambaa juu ya pwani, kila kimoja na watu wake. Siku ya nne soko la samaki asubuhi na mlima wa nyumba za rangi mchana. Niliona fahari na karatasi ile. Sasa siwezi kuitazama.

Baba hakuipenda safari tangu siku ya kwanza, lakini hakuikataza. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, alikuwa akikupa ruhusa kwa namna ambayo ungetamani angekunyima. "Bahari si hiyo hapa kwetu Bustan?" alimwambia mama. "Ukitaka ya mbali, nitakupeleka Qurayyat, na samaki utapata." Mama akacheka. Baba hakucheka. Walikuwa wameoana miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo mama hajapata kulala nje ya nchi bila yeye, isipokuwa harusi moja ya Dubai, na hapo pia baba alipiga simu mara nne kuuliza ufunguo wa kabati.

Mama alikuwa na ada yake anapotoka safari, na sisi watoto tumeikuta. Humwendea baba, humuuliza, "Umeniridhia?" na baba humjibu, "Nimekuridhia, nenda na salama." Hata harusi ile ya Dubai hakuvuka kizingiti mpaka aliposikia maneno hayo. Kwake safari isiyo na radhi ya mume haina baraka, na chochote kitakachomfika njiani hatakuwa na wa kumlaumu. Siku ya Busan masanduku yalikuwa yameshapakiwa garini. Mama akarudi ndani, amekwishavaa buibui lake la safari, akasimama mbele ya baba. Mimi nilikuwa mlangoni na pasipoti mkononi.

"Umeniridhia?"

Baba alikuwa na kikombe cha chai. Hakunyanyua uso. "Mtachelewa ndege," akasema.

Garini, tulipokaribia uwanja wa ndege, mama akasema, "Sikupenda baba yenu alivyonijibu." Mimi nilikuwa nikihesabu karatasi za safari. Nikamwambia, "Atakuridhia kwa simu, Mama. Simu zipo za nini?" Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu, maana bila ya hilo nitaonekana mwendawazimu tu. Katika ukoo wetu mtu aliye safarini hapewi habari mbaya. Akiuguliwa haambiwi, akifiwa haambiwi, mpaka atie mguu nyumbani na awepo mtu wa kumshika. Nadhani wazee walikuja nayo kutoka Unguja, wakati ndugu wa tumbo moja walipotawanyika, huyu Muscat, yule Cairo, mwengine asijulikane yuko wapi, na barua ikimkuta mtu peke yake chumbani katika nchi ya watu. Siku hizi barua hakuna, lakini desturi imebaki. Tumekuwa mafundi wa kusema "sote wazima, alhamdulillahi" kwa sauti isiyotetemeka.

Mimi yalinipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, nasoma India. Bibi yangu, mama yake mama, aliyenilea, alikufa, na kwa miezi miwili kila nikipiga simu naambiwa amelala, anaoga, ametoka kidogo. Nilirudi likizo na shali ya sufu niliyomnunulia, nimeivaa begani ili aione mara tu nikishuka garini. Nikaambiwa sebuleni, na shali begani. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. "Mngeniambia!" nilimpigia mama kelele. Mama akanishika mikono yote miwili akasema, "Ungefanya nini huko peke yako? Ungelia na nani?" Nikakubali kwamba ndivyo inavyotakiwa kufanywa.

Baba alianguka Jumatatu, kwenye chakula cha mchana. Alikuwa anamega mkate, mkono wa kulia ukamwacha, mkate ukaanguka kwenye mchuzi, naye akautazama mkono wake kama si wake. Mimi na kaka yangu tulimpeleka hospitali. Kiharusi. Daktari alisema kimemgusa tu, lakini siku tatu za mwanzo ndizo za kuogopa, na tusimchoshe. Saa kumi za alasiri simu yangu ikalia. Busan ilikuwa imeshaingia usiku, wako mbele yetu saa tano, na mama alitaka kuaga kabla ya kulala.

Nilitoka wodini nikaenda kwenye ngazi za dharura, maana huko hakuna kengele wala matangazo ya kuita madaktari. Mama alikuwa na furaha ya kitoto. Ufukwe wao mchanga wake umechambuliwa, alisema, hakuna hata kokwa ya tende. Wazee wa kule wanatembea upesi kama wanafukuzwa. Kisha akauliza, "Baba yenu yuwapi?"

"Amelala."

"Saa hizi?"

"Amekula sana mchana, Mama."

"Mwambie nimemuuliza." Akaongeza, "Mwambie nnangoja simu yake."

Nilikaa kwenye ngazi zile baada ya kukata simu. Haikuwa uongo, nilijiambia, amelala kweli. Kaka yangu alitaka tumwambie mdogo wetu aliyeko huko na mama, walau yeye. Nikakataa. Mdogo wangu uso wake hausitiri kitu, mama angemsoma kabla hajamaliza kupiga mswaki. Nikampigia shangazi, dada yake baba, nikijua atakavyosema, na akasema hivyo hivyo: "Msimwambie. Siku nne si nyingi. Atarudi amkute anakaa." Ukitaka kukubaliwa, mpigie simu mtu anayeamini unachoamini wewe.

Jumanne baba alifumbua macho akatutambua. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakitoka yamepondeka, lakini yalikuwa maneno. Huko Busan mama alikuwa kwenye hekalu la baharini. Alituma picha ya mawimbi yanapasuka kwenye miamba na ujumbe wa sauti: amekaa nje kwenye jiwe, ameangalia bahari tu, huko ndani wana mambo yao na hayamhusu. Mchana akaenda msikitini. Alisali rakaa mbili, akamwomba Mungu ailainishe roho ya mumewe. Haya pia aliyasema kwenye ujumbe wa sauti, bila haya, huku mdogo wangu anacheka nyuma. "Baba yenu yuwapi leo?" Nikaandika: amekwenda msikitini, simu kaiacha nyumbani. Nilisoma nilichokiandika, nikaona kinafaa, nikatuma.

Niseme ukweli, nilikuwa mzuri katika kazi ile. Nilijua mama yuko wapi kila saa, maana nilimpanga mwenyewe. Nikiona muda wa simu unakaribia, namtangulia: "Mama, hapo mlipo kuna duka la mikate ya kukaanga yenye mbegu ndani, msiondoke bila kuonja." Mama anakwenda kutafuta mikate, swali linapita. Ukumbi wa wagonjwa unanuka dawa, baba yuko nyuma ya pazia, na mimi nimesimama nasifia mikate ya mji nisioujua. Mtu angenisikia angedhani niko likizo.

Jumatano asubuhi mama alituma ujumbe ambao sikuupenda. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Leo sitaki kwenda pahala. Magoti yamechoka. Nnataka nikae hapa hoteli mpaka baba yenu anipigie. Siku tatu sijamsikia, si kawaida yake, hata akinuna."

Nikajibu upesi kwamba baba amekwenda Qurayyat na kaka kununua samaki, huko mtandao wa taabu, atarudi jioni. Na kwamba tiketi za vyumba vya reli zimekwisha kukatwa, ukikosa saa yako ndiyo basi, na kwamba atajuta maisha yake yote. Nikamwandikia mdogo wangu pembeni: mtoe, asikae ndani. Wakatoka. Saa nne na nusu asubuhi, kwa saa za Muscat, mama alinitumia picha kutoka ndani ya chumba cha reli. Yuko yeye na mdogo wangu peke yao, kioo mbele, bahari yote chini ya miguu yao. Ameshika simu mkononi. Naiona kwenye kioo, imeakisiwa.

Wakati picha ile inaingia, baba alinishika nguo kwa mkono wake mzima. Kaka yangu alikuwa ameshuka kuegesha gari. Nyuma ya pazia tulikuwa mimi, baba, na muuguzi wa Kihindi anayebadilisha chupa ya maji.

"Mama yenu keshafika wapi leo?" baba akauliza. Ilibidi niiname kumsikia.

Nikamwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja, sikujua kama anacheka.

"Mpigie," akasema. "Nimwambie mwenyewe. Nimemridhia." Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Nlikuwa nnaona wivu tu. Miaka yote hiyo hajapata kwenda pahala bila mie."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mama alikuwa na yake mkononi mwake. Ningebonyeza mara moja tu. Nikafikiria mama atakavyousikia ulimi ule, maneno yale yaliyopondeka, akiwa amening'inia juu ya bahari ya nchi ya watu na mdogo wangu asiyejua kitu. Nikafikiria atakavyopiga kelele. Nikampangilia baba mto wake.

"Kesho, Baba," nikamwambia. "Ulimi ukiwa mwepesi. Akikusikia hivi atarudi mbio."

Baba hakubishana. Yeye mwenyewe alikuwa wa desturi hiyo hiyo, mara ngapi alisema "amelala" kuhusu maiti. "Haya, kesho," akasema, akanyanyua vidole viwili vya mkono mzima, akavirudisha. Muuguzi akaniuliza kwa Kiingereza, mzee anasema nini? Nikamjibu, anamuulizia mkewe. Yule muuguzi ndiye shahidi wangu pekee, na hakuelewa hata neno moja.

Kesho yake, alfajiri, kikaja kiharusi cha pili. Saa moja asubuhi baba akafariki. Mama alikuwa kwenye soko la samaki.

Tulikaa koridoni, mimi, kaka yangu na shangazi. Kaka akasema, "Sasa tumwambie. Sasa hapana budi." Shangazi akalia, akasema, "Mumwambie yuko huko, nani wa kumshika? Hata akiambiwa hatowahi maziko." Hilo lilikuwa kweli. Angepanda ndege saa hiyo hiyo angefika baba ameshalala chini siku nzima. Wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema hapana, anarudi Jumamosi asubuhi, atasikia nyumbani. Nilisema kwa sauti ya ofisini. Ukweli ni kwamba sikuogopa atakavyolia. Niliogopa ataniuliza, tangu lini?

Kisha palikuwa na kundi la ukoo kwenye simu. Kuna watu zaidi ya mia mule, wa Muscat, wa Unguja, wa Uingereza, na mtu akifa kwetu habari inazagaa kabla maji ya kumkoshea hayajapata moto. Shangazi alipiga simu, mimi nikapiga, kaka akapiga, kila mtu akampigia wa kwake: mtu asiandike neno, yuko safarini, hajui. Na watu wakatii, maana kila mmoja aliwahi kufanyiwa au kufanya. Kundi ambalo kila siku lina maua, dua, picha za watoto na ugomvi wa mapishi likanyamaza kimya. Saa tatu asubuhi mama akaandika humo: "Mbona kundi kimya leo? Kuna nini?"

Nilikuwa jikoni, naandaa vyombo vya maziko. Watu zaidi ya mia waliusoma ujumbe ule, na hakuna aliyejibu. Nikampigia binamu yangu mmoja wa Seeb, nikamwambia, tia chochote, tia hata mandazi. Akatia picha ya mandazi. Wakaja watano wakaandika mashallah. Mpaka leo nikiona mandazi kwenye simu, naigeuza kifudifudi.

Saa nne, wakati baba anakoshwa, mama akatuma picha ya mlima wa nyumba za rangi. Waridi, manjano, kijani, zimepandana mpaka juu, na sisi Muscat kwetu nyumba zote nyeupe. Alikuwa ameipata nyumba ya buluu. Si ile ya tamthilia, alisema, lakini inatosha. Amesimama mbele yake amenyoosha mikono kama mwenye nyumba. Kisha ujumbe wa sauti: "Mwambieni baba yenu nimemnunulia dagaa wakavu. Wana dagaa hawa, wazuri wa ajabu. Atanicheka, nimekwenda mwisho wa dunia nimerudi na dagaa. Amerudi Qurayyat? Amekula?"

Nikaandika: amerudi, amekula vizuri, amekwenda kujinyoosha.

Siku ya Jumamosi nilikwenda uwanja wa ndege na shangazi. Nilivaa shela la rangi ya machungwa ili mama asishtuke, na ndipo nilipojijua nimekuwa nani. Mama alitoka na kigari, amechoka, amefurahi, na mfuko wa dagaa ameushika mkononi. Hakuutia sandukuni, aliogopa harufu isishike nguo. "Baba yenu hakuja?" Shangazi akageuka kutazama magari. Nikasema, "Yuko nyumbani, watu wamekuja." Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho.

Nyumbani viatu vilikuwa vimejaa kuanzia kizingitini mpaka kwenye geti. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba. Mama alishuka, akaviangalia. Aliviangalia kama anavihesabu. Hakuuliza vya nani. Akasema tu, "Lini?" na mdogo wangu, ambaye bado alikuwa hajaelewa, akasema, "Lini nini, Mama?"

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, mimi niliyejiandaa kushikwa nguo na kupigwa. Alikaa kwenye godoro sebuleni, wanawake wakamzunguka, na nilipomwinamia akanitazama usoni akasema, "Mmefanya kama tulivyofanya sisi." Mfuko wa dagaa ulikuwa mapajani mwake. Mtu akauchukua akaupeleka jikoni.

Akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato wala pambo. Mimi nilikuwa nikienda kila siku baada ya kazi, nakaa naye. Nilikuwa na kitu cha kumpa, kitu pekee alichokuwa akikitaka tangu siku ile ya chai, na nilikuwa nimekibeba mimi peke yangu. Lakini ili nimpe ilibidi nimwambie kwamba baba alitaka simu nikamnyima. Wiki ya kwanza nikaona bado mapema. Wiki ya tatu nikaona anakula vizuri, nisimharibie. Nilikuwa bado nampangia ratiba.

Yeye ndiye aliyeuliza. Ilikuwa alasiri, anakunja nguo za baba za kutolewa sadaka. "Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema. "Alinitaja?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia yote, pazia, picha ya chumba cha reli, vidole viwili, kesho. Nikamwambia maneno ya baba kama alivyoyasema. Amekuridhia, Mama. Alikuwa anaona wivu tu, kwa kuwa hujapata kwenda pahala bila yeye. Nililia, sikuona haya. Nilikuwa tayari kwa hasira yake, nilikuwa naitaka hata, ilimradi apokee kile nilichomletea.

Mama aliacha kukunja. Akanitazama, si kwa ukali, kwa huruma, kama anavyomtazama mjukuu aliyevunja kitu akawa anatafuta la kusema.

"Wivu?" akasema. "Baba yenu kalisema neno hilo?"

"Wallahi, Mama."

"Lini?"

"Jumatano."

"Jumatano uliniambia yuko Qurayyat, kaenda kununua samaki." Akachukua kanzu nyengine, akaipitishia mikono mpaka ikanyooka. "Na Alkhamisi uliniambia amekula vizuri."

Nikataka kuapa.

"Mie nishafika, mwanangu," akasema pole pole. "Hayo ya kumwambia msafiri yaache sasa."

Nikaapa tena. Nikaapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba, kwa watoto wangu. Akasema haya, haya, nimesikia, akanipa kanzu nikunje. Nilikwenda hospitali kumtafuta yule muuguzi, sijui nilitaka anisaidie nini. Nikaambiwa amekwisha kurudi kwao.

Mama ametoka eda sasa. Anapika, anatoka, tamthilia hataki tena kuziona. Dagaa wale aliwagawa kwa majirani. Hatujagombana hata siku moja. Lakini juzi nilimwambia mvua inakuja, aanue nguo, naye akasema ahsante, mwanangu, akaenda dirishani kuangalia mwenyewe.